Mtandao wako unabanwa? Namna ya kukusanya ushahidi na kuandika malalamiko ambayo mdhibiti hawezi kuyatupa kapuni

Kila ninapogusia usawa wa mtandao, wasomaji hurudi na kisa kilekile. Video zinakwama, simu za mtandaoni zinakatika, tovuti fulani haifunguki. Wakalalamika, wakajibiwa kwamba mtandao uko sawa, zima simu kisha uwashe. Mambo yakaishia hapo.

Nimesoma malalamiko mengi ya namna hiyo, na karibu yote yana upungufu mmoja: hayana ulinganisho. Video hukwama kwa sababu chungu nzima, kwa hiyo kusema tu "video inakwama" hakumbani mtu yeyote. Lakini ukionyesha kwamba kwenye simu ileile, ndani ya dakika zilezile, video za huduma fulani zinapita kwa megabiti 1.5 kwa sekunde huku data nyingine ikipita kwa 20, aliyekuuzia intaneti ana la kujibu.

Usawa wa mtandao ni kanuni inayomtaka mtoa huduma apitishe data yote bila kuipendelea, kuibana wala kuifungia eti kwa sababu ya aliyeituma au huduma inayohusika. Hapa tunashughulika na mambo mawili tu: kuthibitisha kwamba kanuni hiyo inavunjwa, na kufikisha uthibitisho kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo.

## Andaa hivi kwanza

- Simu au kompyuta moja utakayoitumia kwa vipimo vyote. Ukibadilisha kifaa katikati, umeharibu ulinganisho.
- Muunganisho unaoushuku, na mwingine wa kampuni tofauti. Laini ya kuazima inatosha.
- Bando la kutosha. Vipimo vya kasi hula data, na kadiri muunganisho ulivyo wa kasi ndivyo vinavyokula zaidi.
- Programu ya Wehe ya kugundua kama huduma fulani inabanwa, iliyotengenezwa na watafiti wa Northeastern University nchini Marekani. Ni ya bure, kwa Android na iPhone.
- Vipimo viwili vya kasi: kile cha M-Lab, mradi wa kupima intaneti, na fast.com ya Netflix, kampuni ya video za mtandaoni.
- OONI Probe, kama tatizo lako ni tovuti au programu isiyofunguka kabisa.
- VPN unayoiamini, yaani programu inayoficha data yako na kuipitisha kwenye seva nyingine, ikiwa sheria za ulipo zinairuhusu.
- Nakala ya mkataba au masharti ya kifurushi chako, iliyohifadhiwa kama faili. Masharti ya kwenye tovuti hubadilishwa bila kengele kulia.
- Jedwali au daftari.
- Watu wawili watatu wanaotumia mtoa huduma huyohuyo. Usiwaache hawa, utaona sababu kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jua unalalamikia nini

Wengi huanguka hapa, kabla hata hawajapima chochote. Kuna hali nne zinazofanana kwa macho lakini kila moja ina mlango wake.

Kila kitu kiko taratibu. Hilo ni suala la ubora wa huduma. Ni haki yako kulalamika, ila usiliite suala la usawa wa mtandao, maana mdhibiti, yaani mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, ataliona kosa hilo kwenye mstari wa kwanza.

Kila kitu kilishuka baada ya bando kufika kiwango fulani. Hicho ni kikomo cha kifurushi. Julai 2018, wazima moto wa Santa Clara County, California, wakiwa kwenye moto mkubwa wa Mendocino Complex, walikuta kampuni ya simu ya Verizon imeshusha intaneti ya gari lao la mawasiliano hadi kiasi cha 1/200 ya kasi yake ya awali. Kisa hicho kilitumika sana kwenye mjadala wa usawa wa mtandao. Verizon ikajibu kwamba kikomo kile kilikuwa cha kifurushi na kwamba kosa lake lilikuwa kutokiondoa wakati wa dharura. Hata kama lilikasirisha, jibu hilo lilikuwa na mashiko: data yote ilishuka kwa pamoja, hakuna huduma iliyobaguliwa.

Huduma moja au aina moja ya data iko taratibu, nyingine ziko sawa. Huku ndiko kubana kwa upendeleo. Hatua ya 3 hadi ya 5 zinahusu hili.

Huduma haifunguki kabisa. Huku ni kufungia. Soma hatua ya 3, kisha ruka hadi ya 6.

Ipo pia hali ya tano ambayo haihitaji kipimo chochote: bei. Kampuni inapoacha kukata bando kwa programu yake huku ikikata kwa za washindani, ushahidi wako ni tangazo lenyewe. Lipige picha, weka tarehe, nenda hatua ya 8.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kukamilisha sentensi hii bila kusitasita: "Huduma … inaharibika, huduma … na … haziharibiki, kwenye muunganisho uleule, tangu tarehe …"

## Hatua ya 2: Soma mkataba na kanuni zinazokuhusu

Tafuta maneno kama "matumizi ya haki", "usimamizi wa mtandao", "ubora wa video" na "kasi ya hadi". Vifurushi vingine husema waziwazi kwamba video zitashushwa ubora. T-Mobile ya Marekani ilipoanzisha Binge On, mpango wa kutokata bando kwa video za huduma zilizojiunga, mwishoni mwa 2015, video zilishushwa hadi kiwango cha 480p, chini ya ubora wa HD, mpaka mteja aende mwenyewe kwenye mipangilio kuzima. Kama kwako kuna swichi ya namna hiyo, izime kwanza.

Sharti kuwemo kwenye mkataba hakumaanishi ni halali. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 2015/2120 haimruhusu mtoa huduma kukunyang'anya haki hizi kwa makubaliano. India ilipiga marufuku bei za kibaguzi kulingana na maudhui Februari 2016. Chile ilikuwa na sheria tangu 2010. Marekani mambo yamegawanyika: mahakama ya rufaa ilizifuta kanuni za shirikisho Januari 2025, lakini California bado ina sheria yake ya 2018. Tafuta ya kwako, na uandike namba ya kifungu. Malalamiko yanayotaja kifungu humlazimisha ofisa kukijibu kifungu hicho.

Usipopata sheria yoyote ya usawa wa mtandao, angalia masharti ya leseni za watoa huduma na sheria za kumlinda mlaji. Kampuni iliyotangaza "intaneti bila kikomo" huku ikibana video inaweza kushikwa kwa tangazo la uongo hata pale ambapo usawa wa mtandao haujatajwa mahali popote.

## Hatua ya 3: Ondoa visingizio

Lengo ni kumnyima mtoa huduma majibu rahisi. Kila kisingizio unachokiondoa sasa ni barua moja isiyohitajika baadaye.

1. Zima VPN, zima hali ya kubana matumizi ya betri na ya data, simamisha masasisho na programu zinazopakua chinichini.
2. Ukitumia intaneti ya nyumbani, pima kwa waya kutoka kwenye ruta. Waifai pekee inaweza kula nusu ya kasi yako, na mtoa huduma analijua hilo vizuri kuliko wewe.
3. Kwa laini ya simu, kaa mahali pamoja na uandike aina ya mtandao (4G, 5G) kwa kila kipimo. Simu inayorukaruka kati ya hizo mbili haitoi ushahidi.
4. Fungua mipangilio ya programu yenyewe unayoilalamikia. Programu nyingi za video hushusha ubora zenyewe zinapotumia data ya simu. Watu wamewahi kuandaa kampeni nzima dhidi ya kampuni ya simu kwa kitufe walichokuwa nacho mkononi.
5. Hakikisha huduma hiyo haina hitilafu kwa kila mtu. Jaribu kwenye ile laini ya pili.

*Umefaulu ikiwa* tatizo bado lipo kwenye laini ya kwanza na halipo kwenye ya pili. Likitoweka, shukuru, umeokoa wiki mbili.

## Hatua ya 4: Weka kipimo cha msingi

Pima kasi ya jumla mara tatu kwa siku: asubuhi, jioni watu wengi wanapokuwa mtandaoni, na usiku wa manane. Fanya hivyo kwa siku zisizopungua tano, zikiwemo za mwisho wa wiki.

Sababu ni hii: msongamano wa jioni hupunguza kasi kwa kila kitu, kisha usiku kasi hurudi. Kubana kwa makusudi mara nyingi hakujali saa. Huduma moja ikibaki chini saa tisa usiku wakati barabara zote ziko wazi, hoja ya msongamano imekufa.

Kila mara tumia vipimo vyote viwili, M-Lab na fast.com, vikifuatana. Fast.com hupakua data kutoka seva za Netflix, kwa hiyo kampuni inayobana video za Netflix huenda ikakibana na kipimo hicho bila kukusudia. Zingatia jambo moja la kiufundi hapa: kipimo cha M-Lab hutumia muunganisho mmoja, cha fast.com hutumia kadhaa kwa pamoja. Ni kawaida fast.com kuonyesha namba kubwa zaidi. Kinachotia shaka ni kinyume chake, fast.com ikiwa chini sana, siku baada ya siku.

Kwenye jedwali weka: tarehe, saa, mahali, kifaa, aina ya muunganisho, kipimo, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, ucheleweshaji kwa milisekunde. Piga picha ya skrini kila mara na uipe jina la tarehe na saa.

Tahadhari: M-Lab huchapisha matokeo yote hadharani, pamoja na anwani ya IP iliyopima, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako. Kwa walio wengi hilo si tatizo. Kama kwako ni tatizo, usikitumie kwenye muunganisho wa nyumbani kwako.

## Hatua ya 5: Thibitisha ubaguzi

Hii ndiyo nguzo ya kazi yote, usiifanye ukiwa na haraka.

Wehe hufanya jambo la busara sana. Imehifadhi rekodi za data halisi ya huduma maarufu za video, muziki na simu za mtandaoni. Huirusha rekodi hiyo kati ya simu yako na seva yake, kisha huirusha tena baada ya kuivuruga ili mitambo ya mtoa huduma isiweze kuitambua. Ukubwa ni uleule, mwendo ni uleule, njia ni ileile. Kilichobadilika ni sura tu. Iliyovurugwa ikipita haraka kuliko ile inayotambulika, maana yake kuna mtambo njiani unaoangalia sura.

Fanya hivi:

1. Fungua Wehe na uchague huduma unayoishuku, pamoja na nyingine mbili usizozishuku. Hizo mbili ni za kulinganisha.
2. Endesha kipimo bila kugusa simu. Programu itasema ama hakuna ubaguzi, ama upo, ama matokeo hayaeleweki.
3. Matokeo yasiyoeleweka hayahesabiki upande wowote. Rudia baadaye.
4. Rudia kipimo mara tano au zaidi kwa saa tofauti. Tokeo moja la "upo" ni tetesi.
5. Rudia yote kwenye laini ya kampuni nyingine.

Angalia umbo la namba, si ukubwa wake peke yake. Msongamano huzaa kasi inayopandashuka: 3, 7, 2, 11. Kubana huzaa dari: 1.5, 1.5, 1.4, 1.5, saa yoyote, siku yoyote. Mwanzoni mwa 2016 Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watumiaji wa mtandao, lilipoipima Binge On, lilichukua faili ya video na kuipakua kwa namna mbalimbali, hata ikiwa imefichwa jina lake la video. Video zikagonga dari ileile ya takriban megabiti 1.5 kwa sekunde, zikiwemo za tovuti ambazo hazikuwa kwenye mpango huo. T-Mobile ilikuwa ikisema inaboresha video. Dari hiyo ilionyesha kwamba inazibana tu.

Sasa washa VPN na ufungue huduma yenyewe, si Wehe. Kama video iliyokuwa ikikwama inatiririka kupitia VPN, una ushahidi wa nyongeza. Ni wa nyongeza tu, kwa sababu una maelezo mawili: ama VPN imeificha sura ya data yako, ama imeipitisha njia nyingine isiyo na foleni.

Maelezo hayo ya pili si ya kubuni. Kabla ya Februari 2014, wateja wengi wa Comcast, mtoa huduma wa intaneti wa Marekani, walikuwa wakipata Netflix kwa shida. Foleni ilikuwa pale mitandao miwili inapokutana, na ilifunguka baada ya Netflix kukubali kumlipa Comcast kwa muunganisho wa moja kwa moja. Hali kama hiyo Wehe haiwezi kuiona, kwa kuwa data yake hutoka kwenye seva zake yenyewe. Kwa hiyo Wehe ikisema hakuna ubaguzi na bado VPN inaponya tatizo, andika hivyohivyo kwenye malalamiko na uulize kuhusu maungio ya mitandao. Usilazimishe neno "kubana".

*Umefaulu ikiwa* una matokeo yanayojirudia ya ubaguzi kwenye huduma moja, hakuna ubaguzi kwenye zile mbili za kulinganisha, na hakuna kwenye laini ya pili. Ukiwa na hayo matatu, umeshawapita walalamikaji walio wengi.

## Hatua ya 6: Kama huduma imefungiwa kabisa

Tumia OONI Probe. Hujaribu kufungua tovuti na programu kama WhatsApp, Telegram na Signal kutoka kwenye muunganisho wako, hulinganisha na majaribio ya nje, kisha huonyesha palipokatika: kwenye kutafuta anwani ya tovuti, kwenye kuunganisha, au kwenye ukurasa uliobadilishwa.

Sehemu ilipokatika ndiyo itakayokuambia umwandikie nani nini. Ukurasa wa "tovuti hii imezuiwa" unaonyesha uamuzi wa mtu. Muunganisho unaokufa kimya unahitaji kurudiwa mara nyingi, maana hata seva mbovu hufa hivyohivyo. OONI yenyewe huyaita matokeo mengi "yasiyo ya kawaida" tu, na wewe usiyaite "yaliyothibitishwa".

Tahadhari, na hii isome mara mbili: OONI huchapisha matokeo hadharani kwa kawaida yake, na mtu anayeuangalia mtandao wako anaweza kuona kwamba unaendesha vipimo. Kuna mahali ambapo kufungua tovuti zilizo kwenye orodha ya majaribio kunaweza kukuletea matatizo na dola. Unaweza kuzima uchapishaji na kuchagua tovuti za kupima. Kama ulipo kufanya hivyo ni hatari, acha kipimo. Mtu aliye salama zaidi akifanye.

## Hatua ya 7: Pata watu wengine warudie

Mwaka 2007 mtaalamu wa mitandao wa Oregon, Robb Topolski, alikuwa akishiriki mtandaoni nyimbo za zamani za vikundi vya waimbaji wanne. Kwenye laini yake ya Comcast hazikutoka. Akanasa pakiti zake, yaani vipande vya data vinavyoingia na kutoka, na kukuta kitu cha ajabu: ujumbe wa kukata muunganisho ambao hakuutuma yeye wala mtu wa upande wa pili. Kampuni ilikuwa ikiutia katikati.

Alipoeleza alichokiona, kampuni ilikana. Kisa kilipata uzito Oktoba mwaka huo, shirika la habari la Associated Press liliporudia jaribio hilo kwa faili ya Biblia, likapata matokeo yaleyale. Electronic Frontier Foundation nao wakapima. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaamuru mwenendo huo ukome. Mahakama iliubatilisha uamuzi huo 2010 kwa hoja ya mamlaka ya tume, lakini kufikia hapo Comcast walikuwa wameshaachana na mbinu hiyo.

Bila kurudiwa, lile lilikuwa lalamiko la mteja mmoja. Kwa hiyo wape wenzako maelekezo ya ukurasa mmoja: huduma zipi wapime, saa ngapi, mara ngapi, waandike nini. Wote wafuate hayohayo. Watu watano waliopima kwa utaratibu mmoja wana uzito kuliko mia waliopiga picha za skrini kila mtu kivyake.

Wachague wa maeneo tofauti na vifurushi tofauti ukiweza. Wakipata tatizo walio kwenye kifurushi cha bei ndogo tu, hilo nalo ni jambo la kuandika. Na waliopima wakakuta hakuna tatizo, waache ndani ya jedwali. Ukiwaondoa na kampuni ikawagundua, jedwali zima halitaaminika tena.

## Hatua ya 8: Mwandikie mtoa huduma kwanza

Wadhibiti wengi hawapokei malalamiko ambayo kampuni haijapewa nafasi ya kuyajibu. Piga simu ukitaka, lakini andika pia, na udai namba ya malalamiko.

Uliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. "Je, mnatumia mfumo wowote unaotofautisha data za video na data nyingine kwenye kifurushi changu? Kama ndiyo, uko kwenye kifungu gani cha mkataba?" Swali la "kwa nini mtandao ni mbaya" litakurudishia barua ya kuomba radhi na maelekezo ya kuwasha ruta.

Wape muda uliowekwa na kanuni za ulipo. Muda huo ukipita kimya, kimya chenyewe kiandike kwenye jedwali kwa tarehe zake.

## Hatua ya 9: Malalamiko kwa mdhibiti

Kurasa mbili, viambatisho nyuma. Ofisa anayesoma ana rundo mezani, na atakachokipata kwenye aya ya kwanza ndicho kitakachoamua kama ataifika ya pili. Aya hiyo iwe na umbo hili:

> "Nalalamikia kubanwa kwa video za huduma A kwenye kifurushi B cha kampuni C, kinyume na kifungu D. Kati ya tarehe … na …, vipimo … vilivyofanywa na watu … vilionyesha kasi isiyozidi …, wakati data nyingine kwenye miunganisho hiyohiyo ilipita kwa wastani wa … Kampuni ilijulishwa tarehe … (namba ya malalamiko …), na jibu lake limeambatishwa."

Baada ya hapo: namna mlivyopima, matokeo kwa jedwali dogo, visingizio mlivyoviondoa na jinsi mlivyoviondoa, jibu la kampuni, na mwisho unachotaka kifanyike. Hicho cha mwisho husahaulika mno. Omba jambo linalotekelezeka: kampuni itakiwe kueleza kwa maandishi inavyosimamia data, au mdhibiti afanye vipimo vyake. Arcep, mdhibiti wa Ufaransa, alishirikiana na Wehe tangu 2018, kwa hiyo huombi kitu cha kigeni kwenye fani yake.

Epuka maneno "wizi", "njama" na "kila mtu anajua". Yakiondolewa, barua yako haipungukiwi na kitu.

*Umefaulu ikiwa* umepata namba ya faili na jina la idara inayoishughulikia. Barua pepe ya "tumepokea" isiyo na namba bado si kitu. Fuatilia hadi uipate.

## Hatua ya 10: Mdhibiti anapoomba maoni ya umma

Wakati mwingine kanuni zenyewe huwa zinaandikwa, na mlango hufunguliwa kwa wananchi wote. Hapa ndipo makundi ya kiraia yamepata ushindi mkubwa zaidi, na hapa pia ndipo juhudi nyingi hupotea bure.

Jibu maswali yaliyoulizwa. Mwishoni mwa 2015 mdhibiti wa India, TRAI, aliuliza maswali manne kuhusu bei za kibaguzi. Facebook ikawahimiza watumiaji wake watume ujumbe ulioandaliwa wa kuunga mkono Free Basics, mpango wake wa kufungua tovuti chache bila kukatwa bando, na ujumbe zaidi ya milioni moja ukamiminika. TRAI ikasema haujibu maswali yake. Wanaharakati wa upande wa pili walikuwa wamewaandalia watu majibu yanayofuata maswali hayo moja baada ya jingine. Februari 2016 uamuzi ukatoka dhidi ya bei za kibaguzi.

Andika kwa maneno yako. Mwaka 2017 FCC ilipokea maoni karibu milioni 22 kuhusu pendekezo la kuondoa kanuni za usawa wa mtandao. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa New York, uliotolewa 2021, ulikuta takriban milioni 18 kati yake ni ya kughushi, mengi yakitumia majina ya watu wasio na habari. Katika fujo kama hiyo, maoni yanayofanana neno kwa neno huwekwa fungu moja. Mtafiti wa Stanford aliyeyachambua yale yaliyokuwa ya kipekee, kama 800,000 hivi, alikuta asilimia 99.7 yanapinga kuondolewa kwa kanuni. FCC iliziondoa hata hivyo, lakini yale ya kipekee ndiyo yaliyowezesha kujua watu walisema nini hasa.

Kwa hiyo ukiwaandalia wenzako mfano, wape maswali na ukweli, usiwape barua ya kunakili. Mwalimu aeleze darasa lake la mtandaoni, mfanyabiashara aeleze oda zilizokwama, mtaalamu aweke jedwali la vipimo. Aya tatu za mtu anayejua anachokisema zinatosha.

Linda taarifa zako. Aprili 2015 TRAI ilichapisha barua pepe zaidi ya milioni moja ilizopokea, pamoja na anwani za waliozituma. Chukulia kwamba kila utakachotuma kitaonekana na kila mtu. Tumia anwani ya barua pepe ya kazi hiyo tu, usiweke namba ya simu wala mahali unapoishi kama hailazimishwi, na ufute anwani za IP kwenye picha za skrini.

Usingoje siku ya mwisho. Mifumo ya kupokea maoni huelemewa saa za mwisho. Ukituma mapema unapata pia nafasi ya kujibu hoja za makampuni, pale utaratibu unaporuhusu awamu ya pili ya majibu. Zisome hoja hizo. Mara nyingi ndani yake kampuni hukiri mambo ambayo huduma kwa wateja ilikana.

## Baada ya kutuma

Hifadhi data ghafi, yaani picha za skrini na matokeo yenyewe, mahali pawili tofauti. Mdhibiti akiuliza baada ya miezi sita, jedwali lililosafishwa peke yake halitatosha.

Endelea kupima mara moja kwa wiki. Kampuni nyingi hurekebisha kimyakimya zinapoona faili limefunguliwa, kisha hudai tatizo halikuwahi kuwepo. Dari ikitoweka ghafla wiki moja baada ya malalamiko yako kufika, weka vipimo vya kabla na vya baada kwenye jedwali moja, uvitume kwa namba ileile ya faili, na uombe kampuni ieleze kilichobadilishwa siku hiyo.